Mara Nne

Mlango wa uani una bawaba inayolia.
Tulinave huihesabu.
"Jana mara nne," aliniambia akimenya viazi.
Nikasingizia baridi: Makete, mwezi wa saba,
barafu imelala juu ya pareto,
nani asiyekojoa?

Nikaipaka bawaba mafuta ya alizeti.
Usiku ule mlango ulinyamaza.
Kibofu hakikunyamaza.
Nilisimama chooni nikingoja matone
kama mtu anayengoja bomba la kijiji.

Kaka yangu Lutengano alingoja hivihivi.
Akasema ni uzee, akaagiza ulanzi.
Tulimzika kabla pareto haijachumwa.

Leo nimevaa koti la kanisani.
Foleni ya hospitali: akina mama, watoto wao, na mimi.
Daktari, rika la kitindamimba wangu,
akavuta pazia, akavaa glavu,
akaniuliza habari za viazi.
"Bei imeshuka," nikajibu ukuta.
Hata dakika haikutimia.

Nimerudi na karatasi ya damu, na tarehe.
Tulinave hakuuliza.
Ila usiku, niliporejea kitandani mara ya tatu,
alinisogezea miguu yake yenye joto.

Bawaba sitaipaka tena.
Acha ilie. Yupo anayehesabu.