Kibao Kimoja

Tangu saa nane mchana nimelala chini ya piano
kama fundi gereji chini ya Fuso,
tochi mdomoni, shati limegandana na mgongo.
Machi hii, Upanga haihemi.
Mbao zimekunywa unyevu hadi zikavimba
na kibao kimoja, cha la,
la ile ile ambayo fidla na selo huiomba kabla ya yote,
kikibonyezwa hakirudi.
Kinazama, kinakaa hukohuko
kama jirani aliyekopa.

Nimekisugua kwa msasa. Nimekipaka poda ya mtoto,
ya kitinda mimba wetu, nimeiiba kabatini.
Tumboni mwa piano nimewasha balbu ya wati arobaini
kama mtu anayetamia vifaranga.
Mara kumi nimekibonyeza, mara kumi kimerudi.
Ya kumi na moja sikuthubutu.

Saa moja na nusu ukumbi umejaa, feni zimezimwa,
maana feni nazo zina sauti yao.
Lusajo ameileta selo kwa bajaji,
shingo yake nje, imefungwa kanga.
Shamsa anafuta kidevu, anafuta fidla, anafuta kidevu.
Aikande anavuta kiti, anakirudisha, anakivuta.
Mshereheshaji anasema: mafiga matatu!
Watu wanacheka, wanapiga makofi.
Mimi nipo safu ya mwisho, mlangoni,
bisibisi mfukoni.

Wakaanza na utunzi wa kale
wa watu wa baridi, waliokoka moto ndani ya nyumba
wakafunga madirisha. Nasikia ulikuwa mzuri.
Mama mmoja mbele yangu alivua miwani, akaishika tu.
Mimi nilikuwa nahesabu la.
Mia mbili na sita. Zote zilirudi.

Kisha kazi mpya, ya Kihwelo,
mwalimu wa hesabu, wa Kibaha,
ameketi safu ya tatu kama anayesubiri kuitwa na daktari.
Ameiita "Maji Yametoka",
na niliijua kabla ya kuielewa:
saa tisa za usiku, mabomba yanakohoa,
pampu moja inaamka, ya jirani inaijibu,
ya ghorofani inazigombeza zote mbili,
na mtu anakimbia pekupeku na ndoo gizani.
Selo inakwaruza. Fidla inagongwa kwa mti wa upinde.
Aikande akasimama, akatia mkono ndani,
akazibana nyuzi zangu kwa kiganja kitupu,
nyuzi nilizozisawazisha siku mbili,
nami nikainuka nusu, nikakaa.

Halafu kila kitu kikanyamaza isipokuwa la.
La. Tone kwenye ndoo. La.
Pole zaidi. La.
Ya ishirini ikazama.

Sijui kimya kile kilidumu kiasi gani.
Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi.
Aikande hakukitazama kibao, hakunitafuta kwa macho;
alishusha mkono mapajani, basi.
Na Shamsa, bila haraka,
kama anayemtua mwenzake ndoo kichwani,
akaitoa la kwenye uzi mtupu.
Lusajo akaipokea kwa chini, nyembamba,
akairudisha.
Wakaimaliza hivyo, wakipokezana,
hata sikuweza kusema tone la mwisho lilidondoka lini.

Ukumbi ulidhani imeandikwa hivyo.
Kihwelo peke yake aliinua kichwa,
akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu,
akaandika kitu kwenye karatasi ya ratiba,
akakipigia mstari.

Saa nne wameshaondoka wote na maua yao.
Nikafungua mfuniko, nikachomoa balbu, ingali moto.
Kibao kilikuwa kimepanda chenyewe,
kimetulia sawa na wenzake.
Nikakibonyeza.
Kikarudi.
Nikakibonyeza tena, kwa hasira.
Kikarudi.