Bobini

Kwetu, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima,
hakuna atokaye kanisani asipoinama mbele ya kila mtu.
Mstari unazunguka ukuta kisha unajirudia
kama uzi juu ya kijiti chake.
"Nisamehe." "Mungu atusamehe sote."
Mtoto kwa mzee, padri kwa mchunga kondoo.

Miaka tisa nilikuwa na dawa yake:
Jumapili hiyo, kiuno kiliniuma.

Mwaka huu Padri Grigore alikuja mwenyewe,
theluji imemfika magotini. Hakuketi.
"Todosia, njoo. Na usimame wa kwanza."
Basi. Angehubiri, ningepata pa kumbishia.
Mimi nilizoea kutii nilichokwisha kukitaka:
kufunga nafunga, sakafu ya kanisa naisugua
mpaka watakatifu wajione miguu.
Huo niliuita utii.

Paraskiva, dada yangu,
alichukua cherehani ya mama usiku wa mkesha,
mama angali mezani kati ya mishumaa.
Aliipakia mkokotenini, akaifunika blanketi kama mgonjwa.
Hilo bonde zima linalijua. Nimelisimulia vizuri.

Lisilojulikana ni hili: nilimtangulia.
Nilimjua dada yangu, nilijua ataichukua,
na saa moja kabla niliitoa bobini,
nikaitia kwenye kiberiti kitupu,
nikakificha nyuma ya picha ya Bikira.
Asishone. Hata kifungo.

Miaka tisa nikasali nikiielekea picha ile.
Nikifika penye madeni, nakohoa.

Watu kumi na wanane walikuwa kati yetu.
Nilihesabu. Mke wa msaga nafaka. Mapacha wake.
Onisim, ananuka pombe ya plamu,
aliomba radhi kwa ajili ya mbwa wake, akalia kweli.
Sita. Watatu.
Kisha viatu: buti za marehemu mumewe,
zimejazwa matambara zisimvuke mguu.

Nilikuwa nimetunga sentensi.
Ilikuwa na "lakini" katikati.
Paraskiva hakuisubiri. Desturi ni kuinama;
yeye alipiga goti,
na goti likakataa kuinuka.

Mstari ukasimama. Mtu akaguna nyuma.
Mkono wake ulikuwa hewani, unatafuta cha kushika,
na cha karibu kilikuwa mimi.

Alikuwa mzito. Tulizeekea wapi, sote wawili?
Katika kumvuta nilishuka mpaka kichwa changu
kikawa chini ya chake,
na sijui kama ule ulikuwa unyenyekevu
au uzito tu wa mtu.
"Nisamehe," nilisema. "Lakini" ilianguka,
sikuiokota.
Nikatoa kiberiti mfukoni.

Alikitikisa sikioni. Akajua.
"Nimepanga mitungi ya kachumbari juu yake," alisema,
"miaka yote hii.
Nilidhani imekufa na mama."
Nikangoja anipige, au anikumbatie.
Alisema, "Mungu atusamehe sote,"
kama anavyoambiwa yeyote,
akasogea kwa jirani.

Sikurudi nyumbani na ule wepesi unaosemwa.
Nilikaa kitandani na soksi mkononi.
Nyuma ya picha palibaki mraba mdogo
usio na vumbi, na macho yangu
hayakutaka kutoka pale.

Jumatatu mjukuu wake alibisha hodi.
"Bibi anasema pindo la sketi yako linaburuta. Nipe."
Kilichonijia kwanza mdomoni kilikuwa: sikuomba.
Nikampa.

Imerudi Alhamisi, imekunjwa gazetini.
Mshono umepinda, umepanda, umeshuka;
mkono umesahau, au macho.
Kidole changu kimepita juu yake mara mbili
kikitafuta mkasi.

Leo ni Jumapili.
Nimeivaa hivyo hivyo.