Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kabati la vitabu la shule yetu, pale Kilembe,
lilikuwa la Mwalimu Kabugho, na ufunguo wake
aliufunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa
kama wanawake wafungavyo pesa.
Vitabu thelathini na kimoja. Watoto mia nne.
Ukipewa, unapewa wiki moja tu,
na jina lako linaandikwa kwa wino mwekundu.

Mimi nilipewa kile cha jalada la kijani:
msichana na rafiki yake, kengele ya shule
iliyokuwa rimu ya lori,
na baba aliyehama nyumbani siku ya Jumanne,
akabeba redio, akasahau betri.
Hapo nilisoma mara tatu.
Baba yetu aliondoka Alhamisi. Alibeba na betri.

Mbambu, wa dawati langu, aliniuliza inakwendaje.
Nikamwambia, subiri nimalize.
Mwezi ule nilikuwa na hiyo tu,
kujua kitu ambacho Mbambu hajui,
yeye mwenye viatu, na baba, na chai ya maziwa.

Jumamosi nikaenda mtoni kufua.
Nyamwamba ulikuwa umepungua, mawe yametoka nje kama magoti.
Niliporudi, jalada la kijani lilikuwa mezani,
jembamba, kama mtu aliyetoka hospitali.

Mama hakujua kusoma. Kuhesabu alijua.
Alikuwa amekaanga kilo mbili za karanga,
na karatasi ni karatasi.
"Nilichana za mwishoni," akasema,
"nilidhani huko hujafika, hutazikosa."

Ungejibu nini?
Karanga zile ndizo zilikuwa ada yangu.

Jumatatu nikamwambia Mbambu kitabu kimeibwa.
Jumanne nikamwambia kimesombwa na mto.
Jumatano hakuuliza; akahamia nyuma kwa Biira,
wakawa wanacheka jambo lao.
Alhamisi, na Alhamisi na mimi hatupatani,
akaja kunisimamia wakati wa mapumziko,
mdomo umejaa, mkononi karatasi iliyokunjuliwa.
"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema.
"Nimeununua kwa mama yako. Shilingi mia mbili."

Nikangoja aseme kwa sauti, darasa zima lisikie.
Alimeza kwanza.
"Huyu baba," akauliza, "anarudi au harudi?"

Basi tukaanza. Pesa yake ya andazi
ikawa karanga kila jioni.
Fundi Thembo alikuwa amefutia oili ukurasa wa thelathini na saba;
akatupa, akaomba radhi kana kwamba sisi ni watu wazima.
Mlinzi wa lango la mgodi alikuwa amesokota sigara,
akaturudishia nusu.
Zilikuwa karatasi sita. Tulipata tano na majivu kidogo.
Ile ya sita labda ilipanda lori la Mpondwe,
labda inasomwa Kongo.

Kwa hiyo, kwenye arobaini na nne mtu anabisha hodi,
na kwenye arobaini na saba kuna sahani nne mezani
katika nyumba ya watu watatu.
Mbambu akasema, ni baba.
Mimi nikasema, ni rafiki, amekuja kula.
Tulibishana hadi kwenye daraja, tukabishana kurudi.

Mama akakishona kwa sindano ya magunia.
Usiku ule nikamsomea chote, taa ikiishiwa mafuta,
na alipofika kwenye betri aliweka sindano chini.
"Hakurudi kuzichukua?"
"Hapajaandikwa, Mama."
"Hm," akasema. "Soma."

Mwalimu Kabugho alikipindua, akakinusa,
akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda.
Kisha akaandika, kwa wino ule ule: kimerudi.

Mtoto aliyekipata baada yangu alilalamika.
Eti kila akikifungua, anasikia njaa.