Mikono Yote ya Kushoto

Shati la mtoto wa Mbambu lilirudi Jumatatu,
limekunjwa vizuri, bila tusi, bila barua.
Nikalitandaza mezani, nikaiona kazi yangu:
mikono yote miwili ni ya kushoto.

Nililishona saa saba usiku, muhula ukigonga mlango,
kahawa ya mlimani ikinichemka kichwani,
balbu ikiniwakia kama jua la kukodi.
Kasese nzima imelala.
Hata Nyamwamba, mto wenye ugomvi na mawe,
ulikuwa umeshusha sauti.
Mimi tu na cherehani, tukibishana na giza.

Na nilipolala, sikulala.
Macho yamefumba, miguu bado inakanyaga pedali.
Nikashika simu kuiuliza ni saa ngapi,
ikanijibu kwa mwanga kwanza,
mwanga ulioniingia kichwani kama mgeni
asiyevua viatu.

04:10, ikasema.
Simu huanza kuhesabu katikati ya usiku,
saa ambayo hakuna aiionaye ikizaliwa
ila wezi, wagonjwa, na mafundi wa sare.
Lugha yangu haihesabu hivyo.
Lugha yangu hungoja jua lichomoze
upande wa Ziwa George,
ndipo iseme: moja.
Na jua la huku, hatua chache kutoka ikweta,
halina siasa. Januari, Julai,
linakuja wakati ule ule
kama mwenye nyumba anayefuata kodi.
Miaka arobaini na mbili nimeitamka saa hiyo
wala sikuwahi kuusikia mwili ukiitikia.

Mwili haujengwi kwa matofali,
husema watu wakijipakulia chakula.
Hakuna aliyeniambia
kwamba hujengwa pia kwa giza.

Kabugho, mke wangu, hakunihubiria.
Alilifungia kopo la kahawa kabatini,
ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.
"Asubuhi utakunywa," akasema.
"Ikifika saa nane mchana, duka limefungwa."
Na simu? Akaitia kwenye debe la vifungo,
chini kabisa, pamoja na vile vyeusi vya makoti
ambavyo huku hakuna anayeviagiza.

Wiki ya kwanza niliumwa kichwa, nikagombana na uzi.
Saa tatu usiku nililazwa kama mtoto,
nikahesabu misumari ya bati gizani, nikakosea,
nikaanza upya.
Nilimchukia Kabugho kwa jinsi anavyokoroma.

Siku ya nane, au ya tisa,
niliamka bila kuamshwa.
Nikatoa kiti nje, nikaukabili mwanga,
uso nimeuanika kama kitambaa kilichotoka majini.
Baluku akapita akisukuma baiskeli, mkungu wa matoke nyuma.
"Fundi, unaumwa?"
"Naota," nikamwambia.
"Macho wazi?"
"Naota jua. Ndoto nimeziwekea usiku."
Alicheka mpaka mkungu ukataka kuanguka.

Sisemi nimepona.
Ijumaa iliyopita, harusi ya kina Masereka,
nilirudi saa nane usiku, nikalipa deni siku tatu.
Lakini sasa najua miayo inapoanza,
kama mteja wa kila siku ambaye zamani
nilikuwa namwambia arudi kesho.

Leo nimelifumua shati la mtoto wa Mbambu
mchana kweupe, kwa wembe, mshono kwa mshono,
nikalikatia mkono wa kulia.
Umebaki upindo wa mwisho, vidole vinne hivi.
Ningeumaliza. Balbu inawaka,
Kabugho yuko kanisani kwenye kwaya,
na ufunguo, nimeona, ameusahau mezani.

Miayo imefika.
Sindano nimeiacha imesimama ndani ya kitambaa.
Itanikuta saa moja.