Pauni Mia Tisa na Sumaku

Basi la kwanza la Llanelli huondoka saa kumi na mbili kasorobo.
Tanuri la mkate huniita saa kumi.
Hilo tu ndilo nililomjibu mama
aliponiuliza wazimu gani umenipanda,
mwanamke wa miaka arobaini na moja.

Nilikuwa na pauni mia tisa kwenye kopo la biskuti.
Kaka yangu Emrys akazihesabu, akatenga mia tatu:
"Hizi za kofia, glavu na bima.
Pikipiki zipo nyingi. Kichwa unacho kimoja."
Akanipa tochi,
na sumaku ya mlango wa friji yenye picha ya kondoo,
akasema nenda, ila usirudi na mbuzi kwenye gunia.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya kijana Rhodri, Burry Port.
Iling'aa kama tufaha lililofutwa kwa shati.
Nusura nitoe pesa nikiwa bado getini.
Kisha nikaweka kiganja ubavuni mwa injini:
ina joto, kama kitanda
ambacho mtu ametoka sasa hivi.
Nani ameiamsha kabla yangu, na alikuwa anaficha nini?
Rhodri akatazama viatu vyake.
Sumaku nayo ikateleza juu ya tangi,
ikaanguka kwenye changarawe.
Chini ya ule wekundu, lipu tupu.
Nikamshukuru hata hivyo; nilikuwa nimekunywa chai yake.

Ya pili ilikuwa ndefu.
Bwana Haydn akakipigapiga kiti kama mgongo wa farasi:
"Usijali, utakua nayo."
Nikapanda. Vidole vya miguu vikaitafuta ardhi
kama mkono unaopapasa swichi gizani.
Nimekwisha kua, bwana Haydn.
Nilikua zamani.

Zikapita wiki tatu za mvua na teksi,
teksi zikilimega lile kopo
hadi Emrys akaongezea zake bila kusema.

Ya tatu ilikuwa bandani mwa Mair Prosser, Kidwelly,
msoma mita za maji aliyestaafu.
Rangi yake, maji ya kuoshea vyombo.
Hakuwa ameiosha. Hakuwa ameiwasha.
Injini baridi kama jiwe la mtoni.
Tangi limebonyea, na bonyeo akanionyesha yeye
kabla sijaliona:
"Hapa ni lango la shamba, Pembrey,
mwaka ule aliokufa mbwa wangu."
Sumaku ikanata.
Bahasha ya risiti nene kuliko Biblia yangu:
oili, plagi, cheni, kila balbu,
na pembeni kwa penseli, *nilidanganywa hapa*.

Kiki ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, kikohozi na tusi.
Ya tatu ikakubali,
ikatulia kwenye mlio wa cherehani.
Nyayo zangu zote mbili zilikuwa chini, bapa, sakafuni.

Lakini tairi la nyuma lilikuwa na nyufa
kama kisigino cha kiangazi.
Sijawahi kushusha bei ya kitu, hata viazi.
"Tairi hili," nikasema, na sauti ikaniishia hapo.
Mair akasubiri. Mvua ikasubiri juu ya bati.
"Umeliona," akasema. "Wawili waliotangulia hawakuinama.
Nilitaka mia sita. Toa mia tano na arobaini,
sitini ununulie tairi, na si kesho kutwa."

Ng'ambo ya mpaka wanafunzi hufunga herufi L.
Mimi nimefunga D nyekundu,
neno la kwetu la mtu anayejifunza,
nami nimelifunga kwa waya mara nne.

Alfajiri ya kwanza, saa tisa na nusu,
injini ilinizimikia mara mbili
kabla sijaufikia mzunguko wa barabara.
Shahidi alikuwa mbweha mmoja,
naye alikaa kando akanipisha.
Niliinamisha macho kutafuta gia,
ndipo nikamwona kondoo,
nilimsahau pale tangu Kidwelly,
kang'ang'ania tangi, kando ya bonyeo,
analoa.