Fomu ya Karani

Tulimwita Karani kwa ile alama nyeusi
nyuma ya sikio, kama kalamu aliyoisahau baada ya kazi.
Nafuna alimleta ndani ya kofia kutoka soko la Chepkube,
mwepesi kuliko andazi,
akiogopa hata mwanga wa simu.

Sasa ana miezi saba na nyumba ni yake.
Anarusha mkojo kwenye pazia, kwenye gunia la mahindi,
kwenye daftari la hesabu, pale pale penye sehemu.
Ananizunguka miguuni akiguna,
kisha anaipanda patipati yangu ya kushoto
(ya kulia haitaki, sijui ilimkosea nini)
kwa bidii iliyomfanya mchungaji, Jumapili ile,
aisome kalenda yetu ukutani mwezi baada ya mwezi.

Wabuke wa jirani anasema, Mtafutie mke.
Nikapiga hesabu: mwezi mmoja, watoto saba,
na Nafuna atawapa wote majina.
Nani atachinja kitu chenye jina?
Basi sufuria, akasema Wabuke,
na siku tatu nzima mtoto hakuitikia salamu yake.

Daktari Mukhwana ana chumba nyuma ya duka la mbegu.
Alimpindua Karani kama mtu anayekagua kiatu.
Ni jambo dogo, alisema, dakika ishirini,
elfu mbili, na mia tatu za dawa ya usingizi.
Atatulia. Atawaachia mapazia yenu.
Ila sungura ana moyo wa karatasi,
wapo wanaolala wasiamke.
Si wengi. Akaanza kuwahesabu kwa vidole,
akaacha.
Kisha akanipa fomu. Chini kabisa, mstari wa nukta:
sahihi ya mwenye mnyama.

Wiki ya pili hii iko mezani, chini ya kopo la chumvi.

Mimi kisu nakijua.
Nilikisimamia nikiwa na miaka kumi na minne,
alfajiri, matope ya mtoni yamekauka mgongoni,
mjomba amenikodolea macho, anachunga kope zangu.
Sikupepesa.
Kila msiba, kila arusi, huwa nalitafutia jambo hilo nafasi
nilisimulie tena.

Lakini Nafuna alipozaliwa, wa tano,
muuguzi alitueleza polepole, akitutazama sote wawili:
kwa mwanamume ni rahisi zaidi,
anakuja kwa miguu, anarudi kwa miguu.
Nikacheka. Nikasema, mimi si maksai.
Si kuhasiwa, baba, akasema, ni kufunga tu.
Nikatazama dirishani, kulikuwa na pikipiki ya kutazama.
Khakasa ndiye aliyenyoosha mkono akachukua kalamu.

Kidonda chake kilitunga usaha hadi Krismasi.
Nilimpelekea uji kwa chupa
nikajiona mume mwema.

Jana usiku nilimwambia, Namhurumia huyu mnyama,
hakuulizwa.
Alikuwa akichambua maharagwe. Akatupa jiwe moja mlangoni,
akatupa la pili.
Huruma yako, akasema, imechelewa basi,
lakini naona imefika stendi.
Hatukuongea zaidi. Maharagwe yalikuwa mengi.

Nimeamka kabla ya jogoo wa Wabuke.
Karani amepanda mezani, sijui kwa njia gani,
ametafuna kona ya fomu, pale penye tarehe,
ananitazama huku taya likienda
kama mtu mwenye faili nyingi.

Daktari alisema asilale njaa, sungura si kama sisi.
Nafuna anamlisha sukuma jani kwa jani,
katoni imetobolewa matundu, shuka kuukuu ndani.
Akiamka atatujua? anauliza.
Mama yake anasema, Wewe atakujua.

Nimeiondoa chumvi. Nimeandika jina langu lote,
la babu pia, mkono ukinicheza,
na kabla ya kufika nukta ya mwisho
nimepepesa.