Mkebe

Uji umebaki nusu kikombe
na Ndanu yuko mlangoni mwa jikoni:
"Mama, njaa."
Njaa gani, saa nne haijafika?
"Si njaa ya uji. Njaa ya biskuti."

Mkebe niliuficha nyuma ya unga,
nikauhamishia juu ya kabati.
Musau, ambaye bado huvaa viatu kinyume,
alipindua ndoo, akapanda, akaufikia.
Hesabu hiyo nani kamfunza?

Nimesema ngojeni chakula cha mchana.
Nimesema duka la chini limefungwa;
harufu ya mandazi ikapanda ngazi ghorofa nne
kuja kunisuta.

Usiku Pipeline hailali, lakini wangu wamelala.
Nafungua polepole, mfuniko usilie.
Moja tu.
Nyuma yangu, gizani:
"Mama, hiyo ni njaa gani?"